Boxer ya 2013 na ukaguzi wa mwaka: anza na haba ya nyuma

"Shikamoo fundi. Nina Boxer BM 150 ya mwaka 2013, niliinunua mkononi kwa mtu miaka mitatu iliyopita. Kazi yake ni kubeba samaki na dagaa kutoka mwaloni Igombe kwenda Kirumba hapa Mwanza, jioni napakia abiria. Ukaguzi unakaribia, na mwaka jana nilirudishwa. Pedali ya breki ya nyuma inazama sana, fundi amekaza nati mpaka mwisho. Nikinyoosha usukani unakuwa kama unajifunga katikati. Asubuhi inatoa moshi wa bluu, kisha unakata. Taa kubwa inafifia nikiacha kuvuta resi. Fundi anashauri nipige rangi tanki, nifunge shokapu mpya na taa za LED, anasema pikipiki ikiwa inang'aa mkaguzi hasumbui. Jirani anasema kutu yote ni chumvi ya ziwa, na kwa moshi huo siwezi kupita, bora niiuze. Hela yangu haitoshi kila kitu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Pikipiki hiyo haijafikia kuuzwa kwa hasira, ila na wewe usiipeleke kukaguliwa ilivyo sasa. Kwa maelezo yako ina mambo mawili ya hatari, ambayo ni breki na usukani. Ina moja la kufuatilia taratibu, huo moshi. Na ina moja ambalo huenda si ugonjwa kabisa, hiyo taa kufifia. Kinachonisikitisha ni kwamba ushauri uliopewa unaipeleka hela yako yote nje ya hayo mawili ya kwanza.

Ukaguzi huu unaofanywa na trafiki, ambao watu wengi wanaukumbuka kwa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, unaulizia mambo machache tu. Chombo kinasimama? Kinashika njia? Kinaonekana? Aliye juu yake ana haki ya kukiendesha? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haidai tanki ling'ae. Mkaguzi aliyezoea kazi anakanyaga pedali, anashika tairi la mbele na kulitikisa, anazungusha usukani, anawasha indiketa, halafu anainama kusoma namba ya chesisi. Hapo ameshajua. Rangi haimfichi chochote, na inaweza hata kukuponza, nitafika huko.

Tuanze na haba ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu chenye breki ndani. Nataka uelewe kinachotokea mle ndani, ili siku nyingine mtu akikukazia nati ujue anafanya nini.

Ndani ya haba kuna breki shuu mbili zilizokaa kama nusu mwezi mbili zinazotazamana. Upande mmoja zimeegemea pini. Upande wa pili, katikati ya ncha zao, kuna kipande cha chuma bapa kinachoitwa kamu. Kamu ikiwa imelala, shuu zimetulia. Ukikanyaga pedali, fimbo ndefu inavuta mkono ulio nje ya haba, mkono unazungusha kamu, na kamu inapojaribu kusimama inazitanua shuu zikasugue ngoma, yaani ukuta wa ndani wa haba unaozunguka na tairi. Breki yote ni hiyo. Nguvu ya mguu wako inageuka kuwa kutanuka kwa milimita chache.

Sasa lainingi za shuu, ile tabaka ya juu inayosugua ngoma, zinaliwa kila siku. Zikipungua, kamu inalazimika kuzunguka zaidi ndipo zifike kwenye ngoma, na ndiyo maana pedali inazama. Nati iliyo mwisho wa fimbo imewekwa ili kufidia huko kuliwa: unaikaza kidogo, kamu inaanzia mbele kidogo, pedali inapanda. Lakini nati haiongezi lainingi iliyokwisha. Kuna jambo la pili ambalo wengi hawaliangalii. Mkono ule unavuta vizuri pale ambapo wakati wa kukanyaga, wenyewe na fimbo vinakaribia kufanya pembe mraba, kama kona ya daftari. Nati ikikazwa hadi mwisho, mkono umeshainama mbele kupita hapo, na sehemu ya nguvu ya mguu wako inapotea bure. Unakanyaga kwa nguvu zote, inashika nusu.

Pikipiki nyingi za breki ya ngoma zina mshale mdogo kwenye shina la kamu na alama kwenye kifuniko cha haba. Kanyaga pedali mpaka mwisho, mwenzio aangalie. Mshale ukivuka alama, shuu zimekwisha. Kama mshale haupo, nati iliyofika mwisho ni ushahidi wa kutosha.

Kuna ujanja ambao naomba uukatae hata ukipewa bure. Fundi anachomoa ule mkono kwenye meno ya shina la kamu, anaurudisha nyuma jino moja au mawili, anaufunga tena. Pedali inapanda juu kama mpya, na pale kwenye ukaguzi inaweza hata kupita. Lakini shuu ni zile zile, na sasa kamu ina nafasi ya kuzunguka kupita mpaka wake. Siku utakapokanyaga kwa hofu, inasimama wima na kukataa kurudi, tairi la nyuma linafunga. Nimewahi kuletewa pikipiki ya kijana aliyeanguka hivyo akishuka mteremko wa Bugando na abiria. Nilipoifungua, lainingi ilikuwa imebaki nyembamba kama kadi ya simu, upande mmoja chuma kilikuwa kinagusa ngoma. Mkono wa breki ulikuwa umerudishwa meno mawili. Hakuna aliyekufa siku ile, namshukuru Mungu, lakini tangu hapo sijawahi kumrudishia mtu mkono wa breki bila kufungua haba kwanza.

Na kwa kazi yako ya samaki, kufungua hakukwepeki. Nimefungua haba nyingi za pikipiki zinazotoka mialoni. Kifuniko kinatoka kwa kubembelezwa, na ndani unakuta tope jeusi lenye harufu ya dagaa wa juzi. Ukilisugua kati ya vidole unasikia mchanga, na ukilisogeza kwenye mwanga unaona magamba yanameta. Tope hilo ni vumbi la breki, kutu na majimaji yaliyochuruzika kutoka kwenye kreti la samaki. Shina la kamu linakuwa gumu, breki inashika ikichelewa na kuachia ikichelewa.

Hapo nimjibu jirani yako. Ziwa Victoria ni maji baridi, halina chumvi ya kula chuma kama bahari ya Tanga au Dar es Salaam. Chumvi inatoka kwenye mzigo wako, yaani majimaji ya samaki, na zaidi sana samaki na dagaa waliotiwa chumvi. Yanadondoka pale pale, juu ya cheni, haba na spoki za nyuma. Ziwa lina kosa moja tu, nalo ni letu sisi tunaosukuma pikipiki majini mpaka haba zizame ili tuioshe. Maji yanaingia kwenye ngoma na kwenye beringi, yanaondoa grisi na kuacha mchanga. Acha kabisa tabia hiyo. Na oili inayotoka pale inaingia kwenye maji yale yale tunayoyanywa Mwanza nzima. Osha nyumbani kwa ndoo na sabuni, na kwenye kreti weka mpira wa kutolea majimaji unaoning'inia pembeni, mbali na cheni.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza inunue breki shuu za nyuma, na za mbele kama zimefikia mwisho. Mwambie fundi afute vumbi la ndani kwa kitambaa chenye maji. Asilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, maana vumbi la shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, na haitakiwi kabisa kuingia mapafuni. Shina la kamu litolewe, lisafishwe kwa msasa laini, lipakwe grisi kidogo sana. Grisi ikigusa lainingi, hizo shuu hazina kazi tena. Ngoma nayo aipapase kwa kidole: ikiwa na ukingo ulioinuka, au ulikuwa unasikia pedali ikidundadunda mguuni, inahitaji kukerezwa, na mafundi wa kukereza wapo Nyakato. Haba nyingi zina kipimo cha mwisho kilichochongwa ndani. Ikivuka hapo, hata kukereza hakufai, nunua nyingine.

Shuu mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza kwa sababu hazijalingana na ngoma. Zipe siku tatu nne za kuendesha taratibu, halafu rekebisha nati tena. Ukizifunga asubuhi ya ukaguzi utaenda na breki mpya isiyoshika.

Jambo la pili ni huo usukani unaojifunga katikati. Hiyo ni bolresi. Pale fremu inaposhika uma wa mbele kuna vikombe viwili, juu na chini, na ndani yake gololi. Ukiendesha miaka kumi na zaidi barabarani kwetu, gololi zinagongwa mahali pamoja, yaani pale usukani unapokuwa umenyooka, kwa sababu muda mwingi unakwenda moja kwa moja. Kila shimo la barabara linachimba kidogo. Mwishowe vikombe vinakuwa na vishimo, na gololi zikifika hapo zinatumbukia. Ndiyo maana unasikia kama kuna kufuli katikati.

Jipime mwenyewe. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, mwenzio akandamize nyuma mpaka tairi la mbele lining'inie. Shika ncha za hendo kwa vidole viwili tu, uzungushe polepole kutoka kona hadi kona. Ikikwama katikati, vikombe vimechimbika. Halafu shika uma chini kabisa, karibu na ekseli, uvute mbele na nyuma. Ukisikia "tok", imelegea pia. Wengi hapa huomba wakaziwe. Ikiwa imelegea tu, kukaza kunasaidia. Lakini ikiwa imechimbika, kukaza kunazidi kuzikandamiza gololi kwenye vishimo, na pikipiki inaanza kukataa marekebisho madogo ambayo mikono yako hufanya kila sekunde bila wewe kujua. Itayumba, hasa mwendo mdogo ukiwa na mzigo. Dawa ni seti kamili, vikombe vya juu na chini pamoja na gololi zake. Usibadilishe gololi peke yake. Na fundi agonge vikombe vipya kwa bomba lenye upana unaolingana. Nimeona vinagongwa kwa patasi vikaingia upande, na kazi nzima ikawa bure.

Wakati tairi limeinuliwa, litikise kushoto na kulia upate hali ya beringi. Nyuma fanya hivyo hivyo, uangalie na bushi za uma wa nyuma. Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Cheni na sproketi hazitachukua muda wako: meno yakishapinda kama ndoana, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Tairi liangalie meno yake na mipasuko ya pembeni, na usome zile namba nne za tarehe. Ukikuta 2318, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye meno lakini limepasukapasuka kwa uzee usiliamini. Upepo wa tairi za Boxer weka paundi 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria.

Shokapu mpya? Kandamiza kiti kwa nguvu, uachie. Ikirudi mara moja na kutulia, na hakuna oili inayovuja, shokapu zako ni nzima. Ikidunda mara tatu nne kama mpira, hapo fundi wako ana hoja, lakini bado zinasubiri zamu yao baada ya breki na bolresi.

Kuhusu taa, fanya jaribio la bure kabla hujanunua chochote. Zima injini, washa swichi, washa taa kubwa. Ikiwa haiwaki kabisa mpaka injini iungurume, basi inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini inayozalisha umeme, bila kupitia betri. Taa ya namna hiyo lazima ififie ukiacha resi, ndivyo ilivyoundwa. Kinachosaidia ni kusafisha waya wa ethi (ule unaofungwa kwenye fremu) na soketi ya balbu, na kupangusa kioo. Balbu ya LED ya kubandika sikushauri. Kioo cha ndani kiliundwa kwa ajili ya uzi wa balbu uliokaa mahali maalumu. Ukiweka LED mwanga unatawanyika kila upande, wewe unaona mweupe mbele, anayekuja anaona upofu. Ni afadhali taa hafifu kidogo iliyoelekezwa chini sawasawa.

Honi, indiketa zote nne na taa ya breki ndizo zinazoangusha watu wengi kwa kitu kidogo. Taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu. Na kumbuka, ukishabadilisha shuu na kurekebisha pedali, ile swichi ndogo yenye springi karibu na pedali nayo inataka kurekebishwa, la sivyo taa itawaka muda wote au isiwake kabisa. Rudisha vioo vyote viwili vya pembeni kama uliving'oa. Ekzosi kama imetobolewa ili ilie, irudishe kuwa nzima.

Moshi sasa. Bluu ni oili inayoungua. Lakini uliandika maneno mawili ya maana sana, "kisha unakata". Usiku, injini ikiwa imelala, oili inachuruzika pembeni ya shina la vavu kupitia sili iliyokauka na kutua ndani. Asubuhi inaungua yote, moshi unaonekana kwa muda mfupi, basi. Hizo ni sili za vavu, kitu kidogo ambacho pikipiki inaweza kukaa nacho muda mrefu. Pistoni ringi zilizokwisha zina tabia nyingine: moshi unazidi kadiri unavyovuta, hasa ukipanda kilima cha Mabatini na mzigo. Mwombe mwenzio akufuate nyuma siku moja aangalie. Pia jaza oili mpaka alama ya juu, endesha wiki, pima tena. Ikiwa imeshuka kidogo tu, huna haraka. Na usidanganywe kumwaga oili nzito ya gia ili kuficha moshi. Asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, unaponya moshi kwa kuua injini. Tumia 20W-50 ya pikipiki na uibadilishe kwa wakati. Kwa moshi wa dakika moja asubuhi, jirani yako amekutisha bure. Fika kwenye ukaguzi injini ikiwa imeshapata moto.

Nilisema rangi inaweza kukuponza. Rangi ya pikipiki imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Ukigeuza tanki jekundu kuwa jeusi, umejitengenezea swali. Na mpiga rangi asiyekuwa makini anapitisha bunduki mpaka shingo ya fremu, palipochongwa namba ya chesisi. Mkaguzi akikuta pale pana rangi nzito, ana kila sababu ya kudhani namba imechezewa. Wewe pafute kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka isomeke, usipige msasa.

Halafu niambie, kadi ina jina la nani? Miaka mitatu ni mingi. Kama bado ni jina la aliyekuuzia, nenda TRA, mamlaka ya mapato, ukafanye uhamisho wa umiliki mapema, mkiwa bado mnapatana na simu yake inapatikana. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kadi. Mashine ya umri huo huenda iliwahi kubadilishwa injini kabla hujaifahamu. Ukikuta hazifanani, usiende kujaribu bahati barabarani, peleka suala hilo TRA na polisi wewe mwenyewe ukiwa na hati ya mauziano. Boxer 150 imezidi cc 125, kwa hiyo leseni yako iwe daraja A, A1 haitoshi. Bima iwe hai. Na kwa kuwa jioni unabeba abiria, unahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kofia ngumu mbili, ya kwako na ya abiria.

Kwa hela yako, mpangilio wangu ni shuu, bolresi, tairi kama limepasuka, kisha taa ndogo na karatasi. Sili za vavu zinaweza kusubiri. Rangi iondoe kwenye hesabu. Kuuza fikiria tu kama fremu ina ufa. Itazame kwa tochi pale keria inaposhikwa na chini ya kiti, ukifuata mstari mwembamba wa kutu unaopita juu ya rangi. Ukiuona, usiipande tena wala usiichomeshe njiani kwa mtu anayechomelea mageti. Ipeleke kwenye karakana ya anayechomea fremu kwa kazi, akuambie ana kwa ana kama inafaa kuokolewa. Vivyo hivyo ukihisi pedali inagoma kurudi juu baada ya kukanyaga: isukume kwa miguu hadi kwa fundi, hata kama ni mbali.

Kazi ya breki na bolresi imalizike wiki moja kabla ya ukaguzi, ili upate siku za kuizoea na kurudi kukaza kitakacholegea. Siku yenyewe kreti liache nyumbani, namba ya nyuma isomeke.